Joka Lililoachwa Njiani na Dereva wa Teksi wa Carbondale

Ndugu msomaji, kama ulikulia Nairobi ukimsubiri Juha Kalulu katika Taifa Leo, au Dar es Salaam ukigombea jarida la Sani na wenzako ili umwone Ndumilakuwili, basi unaujua ule ugonjwa wa kufungua gazeti kwa nyuma. Habari za dunia zitangoja. Kwanza tumwone yule mtu wetu leo amefanya nini.

Vijana wa Marekani nao walikuwa na ugonjwa huo huo, na mmoja wa wachoraji wao ameacha kisa ambacho sisi tulio ughaibuni tunapaswa kukijua.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, kila mmoja akijitwalia mhusika wake: shujaa wa upanga, mchawi, mwizi, na kadhalika. Mmoja wao huwa msimulizi. Yeye husema, "Mmefika kwenye pango, ndani kuna sauti," na wenzake hujibu watafanya nini, kisha dadu hurushwa kuamua kama wamefaulu au wameangamia. Kwa ufupi ni hadithi hadithi, hadithi njoo, ila hapa wasikilizaji nao wamo ndani ya ngano.

Kampuni iliyouchapisha, TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ilianzisha mwaka 1976 jarida liitwalo Dragon, yaani Joka. Kurasa nyingi zilijaa kanuni na hesabu, lakini za nyuma zilikuwa na katuni za mfululizo. J. D. Webster alimchora Finieous Fingers, mwizi mwenye maringo aliyetembea na wenzake Fred na Charly, na ambaye ujanja wake ulimponza mara nyingi kuliko ulivyomfaa. Kuanzia mwaka 1983 Larry Elmore alimleta Snarf, kiumbe mwenye pua ndefu aliyeondoka kwao kutafuta mali na sifa ili arudi awe mfalme. (Hapo nadhani baadhi yetu tumejiona!) Wahusika hawa walipendwa kwa sababu walifanana na wachezaji wenyewe: waoga, wenye tamaa, wenye bahati mbaya ya dadu.

Lakini aliyewazidi wote kwa uchoraji alikuwa David A. Trampier. Yeye aligeuza mambo juu chini. Mhusika wake mkuu, Wormy, hakuwa shujaa anayewinda joka. Alikuwa joka lenyewe: la kijani, lenye mabawa, lavuta biri nene na kucheza biliadi, na jirani zake walikuwa mazimwi. Mashujaa wanaokuja na mapanga yao hapa walikuwa wasumbufu wanaovunja starehe ya wenyeji. Mtoto aliyezoea kuhesabu mazimwi aliowaua aliwakuta humo wakipiga soga, wakibishana na kutaniana kama watu wa baraza moja.

Trampier hakuwa mchoraji wa pembeni. Mwaka 1977 michoro yake ilitokea katika kitabu cha mchezo huo kinachoeleza madubwana, na mwaka 1978 alichora jalada la kitabu cha wachezaji: sanamu kubwa ya kutisha, na wezi wawili wamepanda juu wakibandua kito kutoka jichoni mwake. Yeyote aliyeucheza mchezo ule miaka hiyo anaikumbuka picha hiyo.

Wormy alianza katika toleo la 9, Septemba 1977. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 10, hadi toleo la 132, Aprili 1988. Kisha kukawa kimya. Hadithi ilikuwa haijaisha, bali ilikatika katikati ya safari. Mchoraji hakuleta kurasa nyingine, na hundi za malipo zilizotumwa kwa anwani yake zilirudi. Wasomaji walisubiri, wakauliza, mwishowe wengi wakaamini kwamba amekufa. Shemeji yake, Tom Wham, naye mbunifu wa michezo, alijua kwamba yu hai ila hataki tena mambo ya zamani.

Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Southern Illinois, katika mji wa Carbondale, lilichapa makala kuhusu maisha ya dereva wa teksi wa zamu ya usiku. Palikuwa na picha yake. Palikuwa na jina lake: David Trampier. Wapenzi wa Wormy walioiona hawakuamini macho yao. Mtu waliyemzika mawazoni alikuwa akiendesha teksi, katika jimbo linalopakana na lile alikochorea joka lake.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa, na naamini kitamgusa kila msomaji wa jarida letu. Ni nani kati yetu asiyemjua mwalimu wa sekondari anayelinda mlango wa ghala usiku, au mhasibu anayewaosha wazee wa watu? Ni wangapi wamekaa nyuma ya usukani wa teksi huku abiria akiwasemesha polepole, neno kwa neno, akidhani hawajui kusoma? Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Sisi husema methali hiyo kwa uchungu, tukidhani ni msiba wa mgeni peke yake. Kumbe hata mwenyeji, Mmarekani mzaliwa wa hapo hapo, anaweza kubeba abiria usiku kucha na abiria asijue kwamba mkono ulioshika usukani ndio uliochora picha aliyoibandika ukutani utotoni.

Lakini tusikimbilie kumwonea huruma. Baada ya kupatikana, watu walimfuata wakimtaka arudi kwenye kalamu, naye alikataa. Hakuna aliyemfukuza katika uchoraji, ni yeye aliyeondoka. Wengi wetu hatukuchagua kuacha taaluma zetu, vyeti ndivyo vilivyokataliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo kuna funzo: mtu anaweza kuwa na sababu zake za kutotaka kuulizwa, "Zamani ulikuwa nani?" Swali hilo tunalipenda sana katika shughuli zetu, harusini na hata matangani, na huenda kwa wengine ni kama kutonesha kidonda.

Mwaka 2013 kampuni ya teksi ya Carbondale ilifungwa, na kazi ikaisha. Alikuwa mgonjwa na alihitaji fedha. Hapo ndipo Trampier alipolegeza msimamo. Alikubali kuonyesha michoro yake ya asili kwenye mkusanyiko wa wachezaji uliopangwa kufanyika Aprili 2014 katika eneo hilo. Angekutana uso kwa uso na watu waliomsubiri kwa miaka 26. Alifariki tarehe 24 Machi 2014, wiki chache tu kabla, akiwa na umri wa miaka 59.

Jarida la Dragon nalo lilikuwa limekwisha kuacha kuchapwa kwenye karatasi mwaka 2007. Joka la kijani limebaki pale lilipoachwa katika toleo la 132, na mwisho wa hadithi yake alikwenda nao mwenyewe.

Basi, ndugu yangu, safari ijayo ukipanda teksi usiku, msalimu dereva vizuri. Akitaka kuzungumza, msikilize. Akinyamaza, mwache na kimya chake, umlipe na umshukuru.