Kodi ya ardhi: kelele au barua?

1/ Kila kampeni tunasikia "kodi ya ardhi iko juu!" Lakini uliza: thamani ya ploti iliandikwa lini? Nairobi ilitoza kwa orodha ya 1982 karibu miaka 40.

2/ Makosa yalitarajiwa tangu zamani. Sheria ya 1956 ilitoa siku 28 baada ya orodha mpya kutangazwa: unapinga kwa maandishi, unasikizwa na mahakama ya uthamini, ukikataa uamuzi unaenda Mahakama Kuu.

3/ Sheria ya 2024 imeleta jopo la kitaifa la rufaa.

4/ Huku Kamere wengi wetu tumepanga, lakini landilodi akiongezewa, tunalipa sisi. Orodha ikitangazwa, isomeni pamoja: ukubwa, matumizi, bei ya ploti jirani. Kelele za mkutano hazirekebishi orodha. Barua ndiyo hurekebisha.