Kuyeyusha barafu kwenye friza

Kuyeyusha barafu kwenye friza ni kazi ya kuzima friza ya nyumbani, kutoa vyakula vyote na kuiacha mpaka barafu iliyoshika ukutani iachie. Friza nyingine zina hita ndani na hujiyeyusha zenyewe. Zile za kifuniko cha juu, wanazotumia wauza nyama na barafu za ubuyu, kwa kawaida humsubiri mwenyewe.

Barafu hiyo hutokana na mvuke wa hewani. Kifuniko kikifunguliwa, hewa ya jikoni huingia, na mvuke wake huganda kwenye kuta zenye ubaridi wa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Mpira wa kifuniko ukichakaa, hewa hupenya mchana kutwa hata kama hakuna aliyefungua. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, ubaridi hukifikia chakula kwa taabu, kompresa haipumziki na yuniti za umeme wa LUKU huisha mapema.

Mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ungetarajia friza za huko ziongoze kwa kujaa barafu. Lakini hewa ya nyuzi 18 iliyoshiba mvuke hubeba gramu 15 hivi kwa kila mita ya ujazo, na ya nyuzi 30 hubeba maradufu. Ndiyo maana friza iliyoko Kyela, kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, ina sababu zaidi ya kujaa.

Kazi ngumu Tukuyu ni kukausha. Wakati wa baridi ya Juni na Julai barafu huchukua muda mrefu kuachia. Masika nayo, friza iliyopanguswa hubaki na unyevu: ukiiwasha, unyevu huo huwa barafu mpya, ukiifunga ikiwa imezimwa, huota ukungu na kunuka. Septemba na Oktoba, siku ya jua, ndiyo nafasi nzuri, na inafaa kuanza asubuhi.

Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Nyama, maziwa na samaki waliopanda kutoka Kyela wabanwe pamoja ndani ya deli, au wafungwe magazeti na blanketi zito. Vilivyoganda vikikaa pamoja hutunzana ubaridi. Fungua tundu la chini la kutolea maji, weka beseni, kisha tua sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kinene ndani ya friza na ufunike. Ibadilishe inapopoa.

Kisu kisiguse barafu kamwe. Mara nyingi bomba la gesi limepita nyuma tu ya ukuta mwembamba, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuimaliza gesi yote. Friza nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto, kwa hiyo jiko la mkaa lisisogezwe karibu.

Barafu ikiisha, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, mpira wa kifuniko ukiwemo, na ukaushe kwa kitambaa mara mbili. Washa, uiache ipoe vizuri ndipo urudishe vyakula. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu hurudi kwenye friza. Iliyolainika kabisa lakini ingali baridi ipikwe siku hiyo hiyo.