Rupia ya Mjerumani, shilingi ya simba na kopo la bibi

Kila baada ya muda inaibuka hadithi ile ile mjini. Kuna mtu kapewa chenji dukani, kaitupia jicho mara mbili, kumbe kashika sarafu ya mamilioni. Wadau wananiuliza kama ni kweli. Jibu langu: kwa Marekani inawezekana, kwa Bongo sahau.

Sababu ni nyepesi. Mmarekani hajawahi kuifuta senti yake. Senti iliyotengenezwa mwaka 1909 bado ni pesa halali kule, kwa hiyo hakuna kinachoizuia kuibukia kwenye droo ya muuza magazeti miaka mia na zaidi baadaye. Sisi tumebadilishiwa pesa na kila aliyekuja kututawala, kisha tukabadilisha wenyewe tulipojitawala, na kila mara ile ya zamani ilipigwa marufuku sokoni. Hebu geuza chenji uliyonayo sasa hivi. Hamsini yenye kifaru na Mzee Mwinyi ni ya kuanzia 1996. Mia mbili yenye simba na Mzee Karume ilianza 1998. Mia tano yenye nyati imekuja 2014. Hapo hakuna kale.

Kale iko nyumbani. Iko kwenye kopo la vifungo la bibi, ndani ya kasha lenye shuka za sanda, au imefungwa kwenye pindo la kanga iliyochoka. Na kwa kuwa wengi wetu tunalifungua kopo hilo siku ya arobaini tu, wakati wenye nalo hawapo tena wa kutueleza, nimeona niandike ninachokijua.

Tuanze na kinywa chetu wenyewe, maana maneno tunayotumia kila siku ni kumbukumbu ya sarafu zilizokufa. Tunasema "sina hela". Hela ni Heller ya Mjerumani, iliyoletwa mwaka 1904 pale serikali ya kikoloni ilipochukua mambo ya fedha kutoka kwa kampuni ya DOAG na kuamua kwamba rupia moja iwe na heller 100. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64, na pesa lenyewe ni neno la Kihindi lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Bibi yangu senti hamsini aliiita sumni mpaka anafariki. Sumni ni thumuni, yaani sehemu ya nane, kwa maana ya sehemu ya nane ya reale. Na daladala? Tano ya shilingi iliitwa dala, nauli ikawa dala, mpiga debe akamaliza kazi.

Hiyo reale ndiyo sarafu ya kwanza inayowadanganya watu. Ina sura ya mama mmoja mnene, Maria Theresa wa Austria, na mwaka 1780. Mtu akiiona anapiga hesabu za miaka mia mbili na ushee, moyo unaenda mbio. Tatizo ni kwamba Maria Theresa alifariki mwaka huo wa 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na pwani yetu walikuwa hawataki sarafu nyingine yoyote, viwanda viliendelea kuitengeneza vikiweka mwaka ule ule. Imetengenezwa Vienna, imetengenezwa Roma, London, Bombay, na karne ya 20 bado ilikuwa inatengenezwa. Zote zimeandikwa 1780. Ina gramu 28 na zaidi ya asilimia 83 ni madini ya fedha, kwa hiyo thamani ipo, ila ni ya madini zaidi kuliko ya umri. Nyingi hazikufika kwetu: zilikwenda kwa sonara zikawa bangili.

Sasa rupia ya Mjerumani, ambayo ndiyo inayotajwa sana. Zile za kampuni zilianza mwaka 1890. Upande mmoja Kaiser Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, upande wa pili simba na mnazi. Uzito wake gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, na zaidi ya asilimia 91 ni fedha. Haikuwa bahati kwamba zinafanana. Mjerumani alikuta watu wanaiamini rupia ya India, akaiga uzito ili yake isikataliwe. Pesa zake za shaba aliziandika hata kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo wafanyabiashara wa pwani walizokuwa wanazisoma.

Lakini bara hakukuwa na hamu ya rupia. Mtu alikuwa na ng'ombe wake, jembe lake na mtama wake, Kaiser wa nini? Hamu ililetwa na kodi. Amri ya mwaka 1897 iliweka kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba za kijijini, na asiyekuwa na rupia alijua pa kuitafuta: shamba la mzungu. Mwaka 1905 ikaja kodi ya kichwa, na mwaka huo huo kusini ikawaka Maji Maji. Kwa hiyo ukiikuta rupia ya 1905 kwenye kopo, usiiangalie kama pambo tu. Sarafu ile ilitolewa jasho na mtu, na huenda iliwekwa pale kungojea siku ya karani.

Baadaye vita. Waingereza waliziba bahari tangu 1914, pesa kutoka Berlin ikakatika, na jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa na askari na wapagazi wa kulipwa. Wakaanza kuchapa noti za dharura, nyingine kwa mihuri ya mpira kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Sarafu wakazitengeneza Tabora mwaka 1916, mji ambao reli ya kati ilikuwa imeufikia mwaka 1912 na kwa hiyo ulikuwa na mafundi na mitambo. Walitoa heller 20 na heller 5 kwa shaba nyekundu na nyeupe waliyoiokoteza, pamoja na maganda ya risasi. Ziko kwaruza, herufi nyingine zimelala upande, na hazikutengenezwa chache: za heller 20 zilizidi milioni moja. Zikionekana zina herufi T chini ya mwaka, T ya Tabora.

Na hapo hapo Tabora ndipo ilipotengenezwa ile ambayo kila mtafuta hazina anaiota: rupia 15 ya dhahabu, tembo kanyanyua mkonga na nyuma yake Kilimanjaro. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, Singida ya leo. Zilitengenezwa 16,198 tu kabla Wabelgiji hawajaingia mjini Septemba 1916. Fikiria vizuri: elfu kumi na sita, nchi nzima, miaka mia na zaidi iliyopita, na nyingi zimeshahama. Anayekwambia kijijini kwenu kuna mtungi wake, mwambie atangulie na jembe.

Nasema hivyo kwa sababu wapo jamaa wanaoishi kwa hadithi hizi. Wanazunguka wakidai rupia fulani ina "nguvu", inavuta mchele, inazima tochi, na kuna mnunuzi mkubwa anaisubiri, ila kwanza toa hela kidogo ya "dawa ya kupimia". Wazee wamemalizwa akiba kwa mtindo huo. Fedha, shaba na dhahabu havivutwi na sumaku, wala havivuti chochote. Hata heller 10 yenye tundu, iliyochanganywa shaba na nikeli, haishiki. Ukiambiwa hii ni rupia na sumaku imeinasa, umeshikishwa chuma.

Alipoondoka Mjerumani tukapitia fujo ya miaka michache. London waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 1919, mwaka 1920 wakaleta florin, haikukaa, kufikia 1921 ikaja shilingi. Florin ya 1920 ndiyo ya kuitolea macho ukiiona, maana iliondolewa haraka. Shilingi yenyewe, ile ya simba na milima, wengi tunaijua kwa sura. Kuanzia 1921 hadi 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha, chini ya gramu mbili. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa ndani yake. Soma mwaka kabla ya kubishana bei.

Zilizobaki kwa wingi ni zile za tundu, senti tano na senti kumi, kwa sababu watu walizitunga kwenye kamba, na mafundi baiskeli waliziona washa nzuri kuliko za dukani. Humo ndimo ilimo ninayoipenda mimi. Tafuta ya mwaka 1936 usome jina: EDWARDVS VIII. Huyu aliingia kwenye ufalme wa Uingereza Januari 1936 na kuuacha Desemba ule ule ili aoe mwanamke aliyempenda. Kwao, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mzungukoni, ukiacha vipande vichache vya majaribio. Zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura, ziliandikwa jina tu na zikatoka kwa mamilioni. Mwingereza wa London hakupata kurudishiwa chenji yenye jina la mfalme wake. Mchuuzi wa samaki wa Tanga alirudishiwa. Kwa bei ni rahisi, lakini mimi nisingeibadilisha na soda.

Mambo mawili kwa mwenye kopo. Usiisugue. Majivu, limau, ukwaju, vyote vinaipa mng'aro na kula kile ambacho mkusanyaji anakilipia. La pili, zile sarafu ndogo za shaba zenye Kiarabu zinazookotwa Kilwa na kwingine pwani ni za masultani wa karne nyingi nyuma, na si za mtu kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ya sultani mmoja wa Kilwa wa karne ya 14 ilifukuliwa Zimbabwe Kuu mwaka 1971. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, akaziweka kwenye kopo la bati mpaka mwaka 1979 alipozipeleka makumbusho. Kumbe hata huko ni kopo.