Wasifu wa Muuza Vyungu

Neno wasifu lina kazi mbili siku hizi. Ya kwanza ni ya maktaba: maisha ya mtu yaliyoandikwa kitabuni, kama Shaaban Robert alivyoandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Ya pili ni ya ofisini: ile karatasi ya kurasa mbili unayoiambatisha na barua ya kuomba kazi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na shina lake ndilo hilohilo lililotupa sifa na kusifu. Kwa hiyo mtu anapoambiwa "tutumie wasifu wako", anaambiwa ajisifu. Na hapo ndipo wanawake wengi ninaowafahamu hukwama.

Nayaona hayo kila mara kwa sababu kazi yangu ni kuhariri, na kila mkusanyo wa hadithi unahitaji maelezo mafupi ya waandishi. Wanaume huniletea ukurasa mzima, pamoja na cheti cha semina ya siku mbili. Wanawake huniletea mistari miwili, na wa pili husema "anapenda kusoma". Mwalimu mmoja, mwandishi mzuri sana, aliandika kwamba "amewahi kusaidia idara ya Kiswahili" katika shule yake. Nilipombana kwa maswali, kumbe ameiongoza idara hiyo miaka tisa. Nikamuuliza kwa nini asiandike hivyo. Akanijibu kwa methali, kama walimu wa Kiswahili wanavyojibu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hii tumelishwa tangu utotoni, na sidhani kama tumewahi kuikagua vizuri. Mwanamume akitangaza kazi yake tunasema anajinadi, na kunadi ni shughuli ya sokoni, haina aibu. Mwanamke akifanya jambo lilelile tunasema anajitembeza, na kila aliyekulia katika lugha hii anajua neno hilo likiambatana na mwanamke linanuka nini. Hata darasani mambo ndiyo hayo. Katika fasihi simulizi tulifundishwa majigambo, tungo za mtu kujitapa kwa ushujaa wake, na mifano ilikuwa ya wanaume watupu: mpiganaji, mwindaji, Fumo Liyongo. Mwanamke alikuwa na nyimbo za kubembeleza mtoto.

Si kwamba wanawake wa pwani hawakuwa na njia ya kuweka jina lao. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, na karibu na mwisho ametia sahihi: jina lake, kwao Pate, mwaka, hata hesabu ya beti. Lakini tazama adabu ya sahihi hiyo. Kwanza anajishusha, anajiita mpweke na mwenye dhambi, ndipo anataja jina. Nayo ni njia, tena ya kifundi. Ila alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mtu mwenye ukoo anaweza kujishusha bila hofu kwa kuwa anajua watu watamnyanyua. Asiye na ukoo akijishusha, anaachwa hukohuko chini.

Ndiyo maana narudi kwa Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, katika jamii ambayo utumwa haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Jina alilopewa ni Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na yeye alikwenda kuviuza, akitembea na mzigo kichwani huku akiita wateja. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilisikika toka mbali, na watu wakawa wanajua muuzaji anakuja kabla hawajamwona.

Hebu tuirudishe methali hapo. Chungu kizuri hakikujiuza. Kilitembezwa, kikaitiwa, kikabebwa kutoka mlango hadi mlango. Na sauti iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote za pwani ilisikika kwanza kwa sababu ilikuwa inatembeza bidhaa.

Masimulizi mengi yanaruka kipande hiki haraka ili yafike kwenye "kugunduliwa". Siti alihamia mjini mwaka 1911, akakutana na Muhsin Ali, mpiga udi, ambaye alimfunza, na baadaye wakawa kundi moja. Simpunguzii Muhsin kitu. Bila yeye na wenzake hakuna muziki huo. Lakini neno kugunduliwa linanikera. Linamfanya mwanamke kama lulu iliyokaa chini ya bahari ikimsubiri mpiga mbizi. Huyu hakukaa. Aliondoka Fumba kwa miguu yake, akaingia katika mji ambao taarabu yake ilikuwa ya klabu za wanaume, kama Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905, na ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Alijifunza kukariri Kurani, alijifunza nyimbo za Kiarabu pia, kisha akaimba kwa Kiswahili watu wa Ng'ambo waelewe. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata, ulikuwa habari ya mjini kabla ya kuwa muziki. Alijua hadhira yake ni nani, na alijua inachotaka kusikia. Haya si mambo ya bahati.

Kisha lile jina. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima, jina ambalo wenye ukoo walizaliwa nalo au wakaitwa bila kuuliza. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Watu wanapenda kuliona badiliko hilo kama zawadi ya mashabiki, na pengine ilikuwa hivyo. Lakini kupewa jina ni jambo moja, kulivaa kila usiku mbele za watu wanaojua la zamani ni jambo jingine. Yeye alilivaa mpaka la zamani likabaki vitabuni. Wanahabari wanawake wa Tanzania walioanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, walipotoa jarida lao mwaka uliofuata waliliita Sauti ya Siti.

Gharama alilipa, tusijidanganye. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka, kwamba ni wa shamba na kaniki yake, na kumuuliza tangu lini amekuwa mtu. Kwa wakati ule kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, kwa hiyo kila aliyesikia alielewa anaambiwa nini. Hiki ndicho wanachokiogopa wanawake wanaoniandikia mistari miwili. Hawaogopi kusema uongo. Wanaogopa kusema kweli halafu sauti itoke nyuma: wewe nani?

Alijibu kwa wimbo, na jibu lenyewe ndilo linalonivutia kuliko umaarufu wake wote. Hakusema naye ni mzuri. Hakutafuta babu wa kubandika. Aliukataa mizani wao: akasema kwa njia yake kuwa uzuri na nasaba si hoja, hoja ni akili. Yaani alijisifu kwa kitu pekee ambacho watu wa ukoo hawakuweza kumzidi kwa kuzaliwa tu. Jamani, kama kuna somo la kuandika barua ya kazi kwa Kiswahili, mimi ningeanzia hapo.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimpeleka Siti na kundi lake Bombay kurekodi, na sahani zao za santuri zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Kwa nini Bombay? Kwa sababu huko ndiko kulikuwa na vifaa, na kwa sababu kampuni hiyo ilikwisha kujifunza India kwamba sauti ya mwanamke inauza. Na kuna mwanamke wa huko ambaye sijawahi kuona akitajwa pamoja na Siti, ingawa anastahili. Gauhar Jaan alikuwa mwimbaji wa Calcutta. Mwaka 1902, kampuni hiyohiyo ya gramafoni ilipofika kurekodi kwa mara ya kwanza India, aliimba mbele ya lile pembe kubwa la kunasia sauti, na wimbo ulipokwisha akapaza sauti kutaja jina lake kwa Kiingereza. Bado linasikika kwenye sahani hizo. Sababu ilikuwa ya kiufundi kabisa: sahani zilichapwa Hanover, Ujerumani, na mafundi wa kule walihitaji kujua ni nani huyo waandike lebo ya nani.

Sikiliza hilo kidogo. Mwanamke anatangaza jina lake mwishoni mwa kazi yake, kwa sauti ya juu kuliko aliyoimbia, na hakuna anayemwona hana adabu kwa sababu bila hivyo kazi itapotea. Itafika Hanover ikiwa sauti tu, isiyo na mwenyewe. Tukisema kujitangaza ni majivuno, tunasahau kwamba mara nyingi ni jambo dogo kama hili, lebo. Yule mwalimu wangu na idara yake ya miaka tisa hakuwa anakosa unyenyekevu. Alikuwa anakosa lebo, na mtu mwingine angeweza kubandikwa hapo.

Sitaki pia kumfanya Siti malaika wa kila mfanyakazi. Alikuwa na kipaji ambacho wengi hatuna, na kundi la wanaume waliokubali jina la mwanamke litangulie majina yao, jambo ambalo hata leo halipatikani kirahisi. Muhsin Ali, Subeit Ambar, Mbaruk Talsam na Buda bin Swedi walikuwa wasanii kamili, na baadhi yao walirekodi wakiimba wenyewe. Mwanamke akiambiwa leo ajitangaze, aulizwe pia ana nani wa kumpigia udi.

Shaaban Robert alikutana na Siti akiwa mzee, akamhoji. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na kitabu kilichapishwa 1958. Ni kitabu cha sifa, kimejaa mapenzi, na kwa wengi wetu ndicho kilichotufundisha jina lake. Ila mwenyewe hakukiona. Kilipowafikia wasomaji, sahani zilikuwa zimekwisha kuzunguka pwani miaka ishirini na zaidi, zimeandikwa katikati, kwenye karatasi ya duara, Siti binti Saad.