Mgeni wa Arobaini (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Mzee kutoka Ujiji aliingia nyumbani Hananasif siku ya arobaini ya Bibi, akasema yeye ni ndugu wa marehemu.

"Sote Wamanyema," alisema. "Mnanifukuzaje?"

"Kariakoo kumejaa nyumba za Wamanyema," Mama Mkubwa akamjibu. "Kadai huko!"

Maalimu akakohoa. Bibi aliacha mabinti wawili, hakuacha mtoto wa kiume wala mume. Mabinti wana theluthi mbili. Akithibiti ndugu wa baba na mama mmoja, theluthi iliyobaki ni yake. Mama akajiinamia. Theluthi ya nyumba ya Kinondoni si ya mchezo. Ina maana ya kuuza.

Mimi nilikuwa nakumbuka maneno ya Bibi. Manyema, aliniambia, ilikuwa nchi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kasongo na Nyangwe, upande wa mto Lualaba. Livingstone alivuka kwenda huko mwaka 1869, akaiandika Manyuema. Waliokaa humo ni Wakusu, Wabangubangu, Wagoma na wengine, kila watu na lugha yao. Misafara ya pembe na watumwa ikawaleta Ujiji, Tabora, mpaka pwani, na pwani nani alijali kuwauliza? Wote wakaitwa Wamanyema. Mbele ya safari wakalikubali jina, wakaoana nalo, wakazikana nalo. Ndiyo maana mtu yeyote mwenye ulimi mwepesi anaweza kuja msibani akajiita Mmanyema.

Kabila lake hasa Bibi alinitajia mara moja tu, akanikataza nisimwambie hata Mama.

"Babu," nikamwita mgeni, "kabla ya kuitwa Wamanyema, kwenu mlikuwa nani?"

Akanitazama. Akamtazama Maalimu.

"Wakusu."

Nikatikisa kichwa. Mama Mkubwa akapiga kigelegele, msiba au si msiba, na mgeni akaanza kutafuta ndara zake mlangoni.

"Wabangubangu."

Sauti ilitoka uani. Mzee mpangaji wa chumba cha nyuma, asiyezidisha salamu tangu nimjue, alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji. Nikahisi miguu inaniisha nguvu, maana ndilo jina lenyewe.

"Wewe mpangaji umelijuaje hilo?" Mama akauliza.

"Mpangaji?" Akaitua ndoo. "Humu ndani sijawahi kulipa kodi hata shilingi. Muulizeni dada yenu, anajua."

Mama Mkubwa alikuwa ameshaacha kushangilia.

ITAENDELEA