Bendi Isiyokula

Mwaka wa 2021 nilipewa kazi ya kuumba wasichana watano. Mteja alikuwa anatengeneza gemu ndogo ya simu na alitaka kundi la pop la kubuni. Nimwandikie jina la kila mmoja, tabia yake, rangi yake, chakula asichopenda, ndoto yake na kitu kimoja anachoogopa. Malipo shilingi 18,000, nusu mwanzo, nusu mwisho. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, salio la karo lilikuwa limenishinda, na nilikuwa nakula kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Unakesha ukiandika, mtu mwingine anaweka jina lake juu, anapata A, wewe unapata kitu kidogo kwa M-Pesa. Tuseme nilikuwa nimezoea.

Kuna jambo moja mteja alilisema likanichekesha. Alitaka wasanii ambao hawataleta stori. Hawaugui, hawazeeki, hawagombani na meneja, hawaombi nyongeza. Nilidhani ni mzaha tu. Nilipoanza kusoma ili nijue kazi kama hii hufanywaje, nikakuta wazo hilo lina umri mkubwa kuliko gemu zenyewe.

Marekani, mwaka wa 1966, kulianza kipindi cha televisheni kuhusu bendi ya vijana wanne, the Monkees. Bendi iliundwa kwa ajili ya kipindi. Vijana walitafutwa kwa usaili, nyimbo zikaandikwa na watu wengine, na msimamizi wa muziki alikuwa Don Kirshner. Shida ilikuja vijana walipoanza kuamini kwamba wao ni bendi kweli. Wakataka kupiga vyombo wenyewe na kuchagua nyimbo zao. Wakavutana, na mwaka wa 1967 Kirshner akaondolewa.

Baada ya hapo akapata wanamuziki wasioweza kubishana na mtu. Hao ni the Archies, wahusika wa vibonzo waliokuwa wakichapishwa tangu miaka ya 1940, na ambao mwaka wa 1968 walipewa katuni yao ya televisheni. Mwaka wa 1969 wimbo wao "Sugar, Sugar" ulikaa namba moja Marekani kwa wiki nne, na Billboard ikauweka juu ya nyimbo zote za mwaka huo. Huo ndio mwaka wa Woodstock. Ndio mwaka Beatles walitoa Abbey Road. Na aliyewapita wote ni bendi ya kuchorwa.

Lakini katuni haina koo. Aliyeongoza wimbo ule ni mwimbaji wa studio anayeitwa Ron Dante, na sauti ya kike unayoisikia ni ya Toni Wine. Kwenye lebo ya santuri palisomeka The Archies, basi. Mwaka huohuo Dante aliimba wimbo mwingine, "Tracy", kwa jina la bendi ya Cuff Links, nao ukaingia kumi bora. Hebu fikiria: una nyimbo mbili kubwa redioni kwa wakati mmoja, na unaweza kupanda basi asikutambue hata mtu mmoja.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta kidogo. Nilikuwa na insha tatu za wenyewe zinazongoja.

Japani waliichukua habari hii wakaipeleka mbali zaidi. Oktoba 1982 ilianza katuni ya vita vya angani, Macross, ambamo msichana wa kawaida, Lynn Minmay, anakuwa nyota wa pop katikati ya vita, na nyimbo zake zinakuwa silaha. Aliyempa sauti ni Mari Iijima, aliyekuwa na umri wa miaka 19. Iijima alikuwa mtunzi, ana nyimbo zake mwenyewe na albamu zake, lakini Minmay alimfuata kila alikokwenda. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika toleo la Kiingereza la 2006, ni yeye tena aliyerudi kuwa Minmay. Kwa hiyo hapa jina la mwimbaji linajulikana, tofauti na Dante, ila linajulikana likiwa limebeba la mwingine mgongoni.

Mwaka wa 1996 kampuni ya kusimamia wasanii, Horipro, ilijaribu kuruka hatua yote ya katikati. Ilitengeneza msichana wa kompyuta, Kyoko Date, ikamtoa kama ambavyo ingemtoa msanii yeyote mpya, na single yake ikauzwa madukani. Magazeti ya dunia yaliandika sana kumhusu. Mashabiki hawakushikwa vile. Ukitazama video zake leo unaona kwa nini. Alikuwa mrembo kwa hesabu, lakini hakuwa na jambo lolote linaloweza kumwendea vibaya. Huwezi kumhurumia mtu wa namna hiyo, na usipomhurumia utamshangilia vipi?

Jibu lilitoka kwa watu wa gemu. Julai 2005 kampuni ya Namco ilitoa THE iDOLM@STER, gemu ya mashine za kutumbukiza sarafu. Mchezaji si mwanamuziki; yeye ni produza wa kampuni ndogo inayoitwa 765, tarakimu ambazo kwa Kijapani zinaweza kusomwa na-mu-ko. Kazi yako ni kuwachagulia wasichana mazoezi, mavazi na usaili, halafu unaongea nao. Wabunifu walichofanya, na ndicho nilichokiiba mimi, ni kumpa kila mmoja udhaifu. Haruka hujikwaa kila saa. Yukiho ni mwoga, anawaogopa wanaume na mbwa. Yayoi anatoka kwa familia maskini yenye watoto wengi na anahesabu kila sarafu. Chihaya hataki kuchekesha watu kwenye televisheni, anataka kuimba tu, na kuna msiba nyumbani kwao hausemi.

Ona tofauti. Kyoko Date alitengenezwa asiwe na shida. Hawa walitengenezwa na shida kwanza, sauti na nguo baadaye. Mchezaji anarudi kesho kwa sababu Yayoi bado hajafika anakoenda.

Kuna jambo la pili lililotokea pale, na sijui kama Namco walilipanga. Waigizaji wa sauti walianza kufanya tamasha wenyewe, kwa sura zao, wamevaa mavazi ya wahusika. Mashabiki huja na vijiti vya taa vyenye rangi ya kila mhusika, na msichana wao anapopanda jukwaani ukumbi mzima hubadilika rangi. Mwaka wa 2015, gemu ilipofikisha miaka 10, walijaza uwanja wa besiboli wa Seibu. Watu walewale waliokuwa wanapaza sauti kwa Chihaya walikuwa wanamjua kwa jina mwanamke aliyekuwa akiimba. Dante hakupata hilo mwaka wa 1969.

Kisha Agosti 2007 akaja Hatsune Miku, na yeye hata si mhusika wa hadithi. Ni programu ya kuimba iliyotengenezwa na Crypton Future Media ya Sapporo kwa teknolojia ya Yamaha. Mwigizaji Saki Fujita alirekodiwa akitamka vipande vya sauti, na mchoraji KEI akachora sura ya kuweka kwenye boksi: miaka 16, sentimita 158, nywele ndefu za rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, mavazi yanayokumbusha kinanda cha Yamaha DX7. Hadithi hakuna. Kampuni ikaruhusu mashabiki wamchore na wamtungie, mradi si biashara, na maelfu ya watu wakiwa vyumbani mwao wakamwandikia maisha. Gemu zilifuata, Sega wakatoa Project DIVA mwaka wa 2009. Hapa aliyetoa sauti hakuhitaji hata kuusikia wimbo ambao angeuimba.

Mimi binafsi niliingilia mlango wa K/DA. Novemba 2018 nilikuwa bado chuoni, na video ya "POP/STARS" ilikuwa inazunguka hosteli kuliko kunguni. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheza League of Legends. Laptopu zetu zingewaka moto. Lakini wimbo ulibamba, na wale wasichana wanne kwenye ukuta wa rangi za usiku walitushika.

Sikujua wakati huo jinsi lile kundi lilivyopangwa kwa akili. Riot Games hawakubuni watu wapya. Walichukua wahusika wanne ambao wachezaji walikuwa wakipigana nao tayari wakawapa kazi za kundi la Kikorea. Ahri, ambaye asili yake ni mbweha wa mikia tisa wa hadithi za Korea, akawa kiongozi. Akali, muuaji wa kimyakimya, akawa rapa. Evelynn diva, Kai'Sa mcheza densi. Hata jina la kundi ni hesabu ya gemu yenyewe: umeua mara ngapi, umekufa mara ngapi, umesaidia mara ngapi. Gemu ni ya bure. Wanachouza ni mwonekano wa wahusika. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, ule wimbo ulikuwa dirisha la duka la nguo, na nguo zilipendeza.

Tarehe 3 Novemba, kwenye fainali ya dunia uwanjani Munhak, Incheon, waimbaji halisi walipanda jukwaani: Miyeon na Soyeon wa (G)I-DLE, Madison Beer na Jaira Burns. Waliokuwa wakitazama kwenye skrini waliwaona pia wahusika wa kompyuta wakicheza densi kando yao, kama wako uwanjani kweli. Majina ya waimbaji yaliandikwa kwenye wimbo. Nikasema sawa, mambo yamebadilika tangu 1969.

Halafu mwaka wa 2020 K/DA wakarudi na "THE BADDEST". Soyeon na Miyeon walikuwepo. Madison Beer na Jaira Burns hawakuwepo; nafasi zao ziliimbwa na Bea Miller na Wolftyla. Kwenye EP ya Novemba hiyo, ALL OUT, sauti zikabadilika tena kutoka wimbo hadi wimbo. Madison Beer alirudi kwenye nyimbo mbili. Evelynn alikuwa Evelynn yuleyule, kucha zilezile. Sisemi kuna aliyedhulumiwa. Hao ni wasanii wenye mikataba na mawakili. Nasema tu kwamba ukishajenga sura vizuri, koo linakuwa kitu cha kubadilisha, kama betri.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nikiwaandika wasichana wangu watano. Niliwapa udhaifu, kama nilivyofunzwa na Yayoi. Wa tatu nilimfanya mpole, anaimba vizuri lakini anaogopa giza. Mteja alimpenda huyo kuliko wote, akauliza kama naweza kumtumia sampuli ya sauti, kitu kidogo tu, ili mtu wa muziki apate picha.

Anayeogopa giza ni mdogo wangu. Alikuwa kidato cha tatu, anaimba kwaya kanisani. Alikuja kwangu Zimmerman wikendi hiyo, tukajifunika blanketi sote wawili na simu yangu katikati, tukangoja matatu zipite ndipo aanze. Aliimba bila maneno, dakika moja hivi, wimbo aliojitungia hapohapo. Nilimwambia ni ya majaribio tu. Mteja alimaliza kulipa, nikamnunulia mdogo wangu chipsi na kuku, tukamalizana.

Gemu ilitoka mwaka uliofuata. Nikaipakua ili nione majina niliyoyabuni. Kabla sijagusa chochote, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, nikamsikia. Walikuwa wameisafisha, wameongeza kinanda chini yake, lakini ni yeye, pale anapovuta pumzi katikati. Nikafungua mkataba ambao niliutia sahihi kwenye simu nikiwa ndani ya matatu. Kila kitu kitakachowasilishwa ni mali ya mteja. Nikamwandikia. Akajibu kwa sentensi moja, kwa adabu, akinionyesha kifungu hichohicho. Na ukweli ni kwamba hakunidanganya. Aliyemwambia mdogo wangu ni ya majaribio tu ni mimi.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Julai, waigizaji wa sauti za gemu Marekani waligoma karibu mwaka mzima. Hoja yao kubwa ilikuwa mashine zinazoweza kujifunza sauti yako na kuendelea kuongea bila wewe. Nilifuatilia mgomo huo kila wiki, na kila nikisoma habari zake nilirudi kwenye ile dakika moja chini ya blanketi. Wale walikuwa na chama. Yeye alikuwa na mimi.

Nilikaa na siri hiyo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukubali. Mwaka jana nilimwita nikampa simu na vipokea sauti. Alisikiliza mara mbili. Akaniuliza jina lake limeandikwa wapi, nikamwambia halipo popote. Nilitegemea alie au anitukane. Alirudisha mwanzo akasikiliza mara ya tatu, akakunja uso.

"Hapa katikati niliteleza," akasema. "Mbona hawakuniambia nirudie?"