Ufa kwenye rimu ya gari: Hatari isiyotibiwa kwa kuzibwa

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ina hekima tele, lakini kwa mwenye gari kuukuu lenye rimu za aloi, yafaa ifasiriwe kwa uangalifu. Ufa wa rimu hauhitaji kuzibwa tu; aghalabu huhitaji rimu yenyewe iondolewe na isirudi barabarani tena.

Rimu za aloi, ambazo wengi humu nchini huziita rimu za spoti, hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni na kiasi kidogo cha magnesi. Zilianza kuonekana katika magari ya mashindano ya Bugatti mwaka wa 1924, na leo zimeenea hata kwenye magari madogo ya familia.

Sifa yake kuu ni wepesi na umaridadi. Hata hivyo, zina tabia moja inayozitofautisha na rimu za chuma. Chuma kikipigwa na shimo la barabarani hupinda. Aloi nayo, hasa iliyozeeka, hupasuka.

Isitoshe, chuma kinaweza kustahimili mizigo midogo bila kikomo, ilhali alumini huchoka. Kila shimo, kila tuta na kila ukingo wa barabara huongeza uchovu huo, hata kama hakuna alama inayoonekana kwa macho.

Magari mengi yaliyotumika Japani huwa na umri wa miaka kadhaa yanapotua katika bandari ya Mombasa. Yakihudumu humu nchini kwa mwongo mwingine mmoja, rimu zake huwa zimezunguka kwa muda unaokaribia miaka ishirini. Si ajabu basi nyufa zikianza kujitokeza.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni tairi linalopoteza upepo polepole. Dereva hujaza upepo Jumatatu, na kufikia Alhamisi tairi limelegea tena. Fundi wa puncha hulizamisha majini, hapati msumari wala tundu, na dereva huendelea kujaza upepo kwa miezi bila kujua kiini.

Dalili ya pili ni mtetemo wa usukani gari linapofika mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, hata baada ya magurudumu kusawazishwa. Gurudumu linalodai vipande vingi vya risasi kila linaposawazishwa lichunguzwe pia, kwani huenda rimu imepinda.

Kosa la wengi ni kutazama upande wa nje pekee. Nyufa nyingi huanzia upande wa ndani, unaoelekea chini ya gari, kwa kuwa ukingo wa huko uko mbali na mikono inayoushikilia upande wa nje. Kwa hivyo, gurudumu sharti ling'olewe, lioshwe matope na vumbi la breki, kisha likaguliwe kwa kurunzi.

Paka maji ya sabuni kwenye ukingo na kando ya tairi likiwa limejaa upepo. Povu likitokea kwenye mstari mwembamba wa rimu, ufa umepatikana. Angalia pia sehemu zinazozunguka matundu ya nati na mahali mikono inapoungana na kitovu. Ufa wa hapo ndio wa hatari kuliko yote, kwani gurudumu linaweza kuvunjika gari likiwa mwendoni.

Wakati mwingine ni rangi tu iliyopasuka. Kwangua rangi hiyo kidogo. Iwapo mstari unaendelea ndani ya aloi, huo ni ufa kamili.

Je, rimu inaweza kuchomelewa?

Hili ndilo swali ambalo kila mwenye gari huuliza, na mafundi wa kuchomelea hawakosekani. Ni kweli kwamba alumini huchomeleka kwa mtambo unaotumia gesi ya agoni, na upepo huacha kutoka. Lakini kuzuia upepo ni jambo moja, na kurejesha nguvu ni jambo jingine.

Kiwandani, rimu nyingi za aloi hupashwa moto wa takriban nyuzijoto 540, hupozwa ghafla kwa maji, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kuupa mchanganyiko huo ugumu wake. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo kando ya kovu. Ndiyo sababu ufa mpya huzuka karibu na ule wa zamani.

Hatari huzidi fundi anapoipasha rimu moto ili kuinyoosha kwa nyundo. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, na hivyo humwonya fundi. Alumini huyeyuka karibu nyuzijoto 660 bila kubadilika rangi waziwazi. Fundi asiye na kipimo hawezi kujua ameidhoofisha kiasi gani.

Kwa muhtasari, ufa wowote kwenye mkono wa rimu, kitovu au tundu la nati ni hukumu ya mwisho. Ufa mdogo wa ukingo wa ndani hukubaliwa na baadhi ya mafundi, ila njia salama ni kuibadilisha rimu.

Kununua nyingine

Mnunuzi wa rimu iliyotumika anapaswa kuikagua kabla tairi halijavishwa. Ajihadhari na rangi mpya upande wa ndani, kwani huenda inaficha kovu la kuchomelewa. Aombe izungushwe kwenye mashine ya kusawazishia ili aone iwapo inayumba. Alama ya JWL huonyesha kwamba mtengenezaji ametaja kutimiza kiwango cha Japani cha rimu za aloi.

Vipimo pia vilingane. Idadi ya nati na umbali wake, kwa mfano tano kwa milimita 114.3 au nne kwa milimita 100, visitofautiane na vya gari. Vivyo hivyo upana wa tundu la katikati na kina cha rimu.

Asiye na pesa nyingi asione haya kurudi kwenye rimu za chuma na vifuniko vyake, mradi zisiguse breki. Akumbuke tu kuhusu nati: baadhi ya rimu za aloi za kiwandani hutumia nati zenye shina na washa bapa, ilhali zile za chuma huhitaji nati zenye mdomo wa pia. Nati zikazwe kwa kupishana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ufa ukigunduliwa safarini, punguza mwendo bila kufunga breki ghafla, egesha mahali salama, weka pembetatu za tahadhari na uvishe gurudumu la akiba. Likiwa lile jembamba la muda, usizidishe kilomita 80 kwa saa.

Ajali haina kinga, husema watu. Lakini ile inayotangulizwa na ufa unaoonekana kwa kurunzi ina kinga, nayo ni dakika chache za kung'oa gurudumu na kutazama upande wake wa ndani.